Rimu Zing'ae, Lakini Si kwa Ngozi ya Mfanyakazi

Kila mwisho wa juma mji wetu wa Gisenyi hupokea wageni wengi. Magari huteremka kutoka Kigali, safari ya kilomita zipatazo 150, yakiwa na watalii, wafanyabiashara wanaovuka kwenda Goma, na mabwana wakubwa wanaokuja kupumzika kando ya Ziwa Kivu. Mengi kati ya magari hayo siku hizi hayana tena magurudumu ya chuma yenye vifuniko vya plastiki. Yana rimu za alumini zinazong'aa kama sahani za harusi. Lakini yakifika mjini rimu hizo hazing'ai. Zimekuwa nyeusi, hasa zile za mbele. Ndipo dereva anapoambiwa apitie kinamba kabla ya kuegesha mbele ya hoteli, na ndipo kijana wa kinamba anapoambiwa maneno tunayoyajua sote: "Nataka ziwe kama mpya, na ufanye upesi."

Leo tunataka kusema juu ya maneno hayo mawili, "kama mpya" na "upesi". Huenda msomaji akacheka na kuuliza: je, wafanyakazi wamekosa mambo ya kuzungumza hata waandike habari za rimu? Tunamjibu kwamba mambo makubwa ya mfanyakazi mara nyingi hujificha ndani ya mambo madogo. Katika rimu moja chafu mna mshahara wa dereva, mna mapafu ya fundi, na mna vidole vya mwosha magari. Maoni yetu ni haya: mwenye gari anayetaka rimu zake zing'ae hana budi kuzikinga mapema kwa nta au kwa mpako unaofaa, kwa gharama yake mwenyewe. Asingoje ziharibike, kisha akamtwisha mfanyakazi mzigo wa kuzing'arisha kwa asidi.

Vumbi hili latoka wapi?

Dereva akikanyaga breki, pedi hubana diski ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu. Msuguano huo ndio unaosimamisha gari, na msuguano huo huo husaga pedi na diski kidogo kidogo. Unga unaotoka ndio vumbi la breki. Ndani yake mna chembe za chuma, mna kaboni, mna gundi iliyoungua ambayo ilikuwa imeshikilia pedi, na mna madini mengine ambayo kila kiwanda huyachanganya kwa namna yake. Chembe hizo hutoka zikiwa za moto, zikarukia rimu iliyo jirani na kung'ang'ania hapo. Na kwa kuwa gari likifunga breki uzito wake hulalia mbele, breki za mbele hufanya kazi kubwa zaidi, ndiyo sababu rimu za mbele huwa nyeusi kuliko za nyuma.

Sasa tuitazame barabara yetu. Gari linalotoka Musanze hupanda mpaka nyanda za Mukamira na Bigogwe, juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Kisha huteremka kupitia Mahoko na Nyundo mpaka ziwani, na uso wa Ziwa Kivu uko kwenye mita 1,460 hivi. Tufanye hesabu ya shuleni. Gari la kilo 2,000 likishuka mita 500 hutoa nguvu ambayo, kama yote ingegeuka kuwa joto, ingetosha kuchemsha lita 29 hivi za maji ya baridi. Sehemu ya nguvu hiyo huchukuliwa na upepo, na sehemu nyingine huchukuliwa na injini ikiwa dereva anashuka kwa gia ya chini. Lakini kwa dereva anayeharakishwa, ambaye mguu wake hautoki juu ya breki, sehemu kubwa ya joto hilo huishia kwenye diski, kwenye pedi na kwenye rimu. Kila anayeishi kando ya mteremko ule anaijua harufu ya breki iliyoungua.

Baada ya joto huja maji. Mji wetu ni wa mvua na wa ukungu wa ziwa. Chembe ya chuma iliyokaa juu ya rimu ikipata unyevu hushika kutu. Alumini yenyewe haishiki kutu kama chuma, lakini ile chembe iliyoganda juu yake hushika, na kutu hiyo hula vanishi inayoifunika rimu. Kwanza utaona vidoa vya rangi ya kahawia ambavyo sabuni haivitoi. Baadaye vanishi hupata vitundu, maji hupenya chini yake, na alumini huanza kuliwa kwa ndani. Hapo utaona michirizi meupe kama njia za mchwa. Rimu ikifika hapo hakuna sabuni wala nta itakayoirudisha. Inatakiwa kukwanguliwa na kupakwa rangi upya, au kununuliwa nyingine.

Anayeshika mwisho ndiye mwenye kosa

Hapa ndipo uonevu unapoanza. Uharibifu tuliouelezea huchukua miezi. Lakini mwenye gari haoni miezi, yeye humwona mtu aliyeishika rimu mwisho. Dereva mmoja, mwenzetu, alirudisha gari la tajiri wake likiwa na vidoa kwenye rimu mbili za mbele. Aliambiwa kwamba ameliosha vibaya, na akakatwa mshahara miezi miwili mfululizo. Hakuna aliyeuliza kama rimu zile ziliwahi kupakwa kinga yoyote tangu gari linunuliwe. Hakuna aliyeuliza kwamba dereva yule alikuwa akipewa saa ngapi za kufika Gisenyi na kurudi Kigali siku hiyo hiyo. Aliyekuwa na funguo ndiye aliyelipa.

Sisi tunasema kwamba kuchakaa kwa chombo cha kazi ni gharama ya kazi. Pedi zikiisha hatumkati dereva. Tairi likilika hatumkati dereva. Kwa nini basi rimu iliyoliwa na vumbi la breki lile lile ikatwe kwenye mshahara wake? Shirika la Kazi Duniani lilikwisha kusema tangu mwaka 1949, katika Mkataba Na. 95 juu ya kulinda mishahara, kwamba mshahara ukatwe tu kwa masharti na kiasi kilichowekwa na sheria za nchi au na makubaliano ya pamoja au uamuzi wa usuluhishi. Hasira ya tajiri haimo katika orodha hiyo.

Habari ya "upesi"

Tuje sasa kwenye kinamba. Kijana anayelipwa kwa kila gari hana nafasi ya kusugua rimu moja kwa nusu saa. Kwa hiyo anatafuta dawa ya haraka, na dawa ya haraka ipo. Inauzwa katika madumu, mara nyingine imemiminwa kwenye chupa ya maji ya kunywa isiyo na karatasi yoyote. Unaipuliza, povu linatoka, weusi unateremka, na kazi imekwisha. Mwenye gari anafurahi.

Lakini ndugu zetu, nyingi kati ya dawa hizo za haraka ni asidi. Zipo zenye asidi ya floridi, au chumvi iitwayo amonia bifloridi ambayo ikiingia majini hufanya kazi ile ile. Asidi hii haifanani na nyingine. Ikiwa nyepesi haiungui papo hapo. Unaweza kuishika asubuhi ukadhani ni maji ya sabuni, na maumivu yakaja jioni ukiwa nyumbani. Kwa sababu haikomei kwenye ngozi: hupenya mpaka kwenye nyama na mfupa, na huko hukamata kalsiamu ya mwili. Ikiwa kali, hata kidonda kisicho kikubwa chaweza kuusumbua moyo na kuua. Mtu aliyeguswa na dawa ya namna hiyo asingoje kuona lengelenge. Avue nguo zilizolowa, ajioshe kwa maji mengi yanayotiririka, kisha akimbizwe hospitali pamoja na chupa yenyewe, na mganga aambiwe wazi kwamba ni asidi ya floridi, kwa maana matibabu yake ni ya pekee na hutumia dawa ya kalsiamu.

Na hata kama mfanyakazi amesalimika, rimu yenyewe haisalimiki. Asidi ile ile inayoondoa vumbi upesi hula vanishi, na ikikuta alumini imefunuliwa huila nayo ikabaki na weupe wa kufifia. Kwa hiyo rimu iliyooshwa kwa asidi leo, kesho itashika vumbi zaidi, na kesho kutwa itahitaji asidi zaidi. Ni mduara wa hasara, na katikati ya mduara huo amepiga magoti kijana asiye na glavu.

Habari ya mapafu

Wako wenzetu katika gereji ambao huondoa vumbi la breki kwa upepo wa kompresa, au kwa brashi kavu. Tunawasihi waache. Vumbi linaloondoka kwenye rimu haliendi mbali, linaingia puani. Kwa miaka mingi pedi za breki zilitengenezwa kwa asbesto, na Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba asbesto ya aina zote husababisha saratani. Ni kwa ajili hiyo Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Na. 162 mwaka 1986, na nchi za Umoja wa Ulaya zikapiga marufuku matumizi yake tangu mwaka 2005. Hapa Ruanda sote tumeona mabati ya asbesto yakiondolewa juu ya majengo ya zamani, na wanaoyaondoa wakiwa wamevaa barakoa na nguo maalumu. Basi pedi iliyonunuliwa bila boksi na bila maandishi, nani ataapa kwamba haina kitu hicho? Ichukuliwe kuwa ni hatari, na vumbi lake liloweshwe kwa maji kabla halijaguswa.

Hata pedi zisizo na asbesto hazitoi unga wa ngano. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni ziitwazo Euro 7, ambazo kwa mara ya kwanza ziliweka kipimo cha vumbi la breki kwa magari mapya: miligramu 7 kwa kila kilomita kwa gari dogo la mafuta, na miligramu 3 kwa gari la umeme. Kipimo hicho kimewekwa kwa ajili ya mpita njia aliye kando ya barabara. Kama mpita njia anahesabiwa kwa miligramu, je, mtu ambaye uso wake uko shibiri moja kutoka kwenye gurudumu, kutwa nzima, ahesabiwe kwa nini?

Kinga yenyewe ni ipi?

Tumekwisha kulaumu, sasa tuonyeshe njia. Hakuna mpako unaozuia vumbi lisitoke kwenye breki. Anayekuuzia dawa akakuambia hivyo anakudanganya. Kinga hufanya jambo moja tu: hulinyima vumbi mahali pa kushika. Rimu iliyokingwa huoshwa kwa maji, sabuni laini na kitambaa. Haihitaji asidi, haihitaji brashi ya waya, haihitaji kompresa. Hapo ndipo maslahi ya mwenye gari na maslahi ya mfanyakazi yanapokutana, na ndiyo sababu tumeandika makala haya.

Kinga ziko za namna tatu. Ya kwanza ni nta ya kawaida, na iliyo bora hutokana na majani ya mnazi mwitu wa Brazili uitwao karnauba. Hupakwa kwa urahisi na bei yake ni nafuu, lakini huyeyuka joto likipita kidogo nyuzi 80 za sentigredi. Kwa barabara yetu ya milima haidumu zaidi ya wiki chache. Ya pili ni mpako wa kutengenezwa viwandani, ambao hustahimili joto zaidi ya nta na hukaa miezi kadhaa. Ya tatu ni mpako wa seramiki, ambao asili yake ni silika, kitu kile kile kilichomo katika mchanga na kioo. Huu ukipakwa vizuri huweza kukaa mwaka au zaidi, lakini ni ghali, na unahitaji banda, subira na mkono uliofundishwa.

Kwa magari mengi ya hapa kwetu, sisi tunaona kwamba mpako wa namna ya pili, au hata nta ya kawaida inayorudiwa kila mwezi, unatosha. Ili mtu asisahau, achague siku inayojulikana. Jumamosi ya mwisho ya mwezi tunatoka katika umuganda, na mchana wa siku hiyo wafaa sana kwa kazi hii.

Namna ya kuifanya ni hii. Kwanza, gari lipumzike. Rimu iliyotoka mteremkoni haimwagiwi maji wala dawa mpaka iwe baridi mkononi, kwa sababu dawa hukauka juu yake na kuacha alama, na diski ya moto ikimwagiwa maji baridi yaweza kupinda. Pili, lowesha rimu vizuri kabla ya kuisugua. Tatu, oshea kwa sabuni laini ya magari, kwa ndoo na kitambaa cha magurudumu peke yake. Kitambaa kilichookota chembe za chuma kikipita juu ya bodi ya gari huikwaruza. Nne, kama vidoa vya chuma vimebaki, tumia dawa ya kuyeyusha chuma isiyo na asidi. Utaitambua kwa sababu ikikutana na chuma hugeuka rangi ya zambarau, na harufu yake ni mbaya. Hata hiyo ishikwe kwa glavu, na isiachwe ikakauka. Tano, suuza kwa maji mengi, kausha, kisha paka kinga kwa spanji, nyembamba kabisa. Kupaka nene si kukinga zaidi, ni kutupa mali. Ikishafifia, futa kwa kitambaa safi.

Yapo makatazo mawili yasiyo na mjadala. Nta isiguse diski wala pedi, kwa maana breki yenye nta haishiki, na gari lisiloshika breki kwenye mteremko wa Nyundo ni jeneza. Wala isipakwe sehemu ya tairi inayogusa barabara. Na kama gurudumu limefunguliwa ili lipakwe hata upande wa ndani, jambo ambalo ni zuri, nati zirudishwe kwa kukazwa kwa kupishana, na kwa kipimo cha kiwanda.

Kuhusu maji, tunajua kwamba baadhi yetu tumezoea kuteka ziwani. Maji ya Kivu yana chumvi na magadi mengi, yakikaukia juu ya rimu huacha madoa meupe. Zaidi ya hayo, maji machafu yenye chuma na dawa yakirudi ziwani yanawafuata wavuvi wa sambaza, ambao nao ni wafanyakazi wenzetu. Tutumie maji ya bomba, au ya mvua ambayo mji huu haujakosa, na uchafu uingie kwenye shimo lililotengenezwa kwa kazi hiyo. Sheria ya mazingira ya mwaka 2018 haituruhusu kuuelekeza ziwani.

Majibu kwa wanaopinga

Waajiri watasema kwamba nta ni anasa. Tunawaambia wahesabu. Kopo moja dogo hupaka magurudumu mengi, kwa kuwa kila rimu huhitaji kiasi cha kuchovya kidole tu. Rimu moja ikishaliwa, gharama ya kuikwangua na kuipaka rangi upya, au kununua nyingine, haiwezi kulinganishwa na kopo hilo. Anayeona kopo la nta ni ghali, kisha akanunua dumu la asidi kila mwezi, hajui hesabu, au anajua kwamba hasara ya asidi hailipi yeye.

Wenzetu wengine wa kinamba watasema: "Nikiacha asidi, mteja atakwenda kwa jirani." Hili ni neno la kweli, na hatulidharau. Mtu mmoja akikataa peke yake atalala njaa. Lakini vinamba vyote vya mji vikikubaliana siku moja kwamba asidi haitumiki, mteja atakwenda wapi? Atavuka mpaka akaoshe rimu? Hili ndilo jambo ambalo mtu mmoja hawezi na umoja unaweza.

Wako pia wanaohofu kwamba rimu zikioshwa kwa urahisi kazi itapungua. Sisi tunaona kinyume chake. Kusugua uchafu ni kazi inayolipwa kidogo, kupaka kinga ni ufundi, na ufundi huwa na bei yake. Kijana anayejua kutayarisha rimu, kuipaka na kuirudia kwa wakati, si mwosha magari tu. Ni fundi, na anaweza kudai ujira wa fundi.

Na sisi madereva tusijitoe katika lawama. Gari lishuke kwa gia ile ambayo lingepandia. Breki ikanyagwe kwa kipimo na kuachiwa ipumue, isikaliwe kutoka Bigogwe mpaka mjini. Kwa kufanya hivyo vumbi litapungua, pedi zitadumu, na roho za watu zitasalimika. Lakini mwajiri naye asitupe ratiba ambayo haiwezekani ila kwa kukimbia.

Tunachodai

Sheria ya kazi Na. 66/2018 ya tarehe 30/08/2018 inamtaka mwajiri aangalie afya na usalama kazini, na katika jambo hilo haikuwaacha nje wafanyakazi wa sekta isiyo rasmi. Kijana wa kinamba hana mkataba ulioandikwa, lakini ana mapafu na ana ngozi, na sheria inavijua. Kwa hiyo basi tunatoa madai haya:

1. Kila gari la kampuni, la hoteli na la kukodisha lenye rimu za alumini lipakwe kinga kwa gharama ya mwenye gari, na tarehe ya kupaka iandikwe kwenye daftari la gari.

2. Dereva asikatwe mshahara kwa rimu iliyoliwa na vumbi la breki, hasa ikiwa daftari halionyeshi kwamba ilikingwa.

3. Dawa zenye asidi ya floridi na jamaa zake ziondolewe katika vinamba vyetu. Dawa yoyote isiyo na maandishi kwenye chupa isiguswe.

4. Kila mwosha magari na kila fundi wa breki apewe glavu za mpira zinazofika juu ya kiganja, miwani ya kukinga macho, na mabuti. Fundi wa breki apewe pia barakoa ya vumbi. Vitu hivi si zawadi.

5. Vumbi la breki lisipulizwe kwa kompresa wala kupanguswa kavu katika gereji yoyote yenye mwanachama wetu.

6. Ratiba za safari zitengenezwe kwa kuzingatia mteremko, ili dereva aweze kushuka kwa gia na si kwa breki.

Katika madai hayo sita hatukuomba faranga ya ziada kwa mfuko wetu. Tumeomba kopo la nta, jozi ya glavu, na muda wa kutosha. Mwajiri anayekataa hata hayo atuambie mbele ya mkutano kwamba rimu ya gari lake ina thamani kuliko kidole cha aliyeiosha. Tuna hakika hakuna atakayethubutu kulisema, ingawa wako wanaolitenda kila siku.

Ndugu wafanyakazi, hatupingi gari kung'aa. Gari safi ni sifa ya dereva wake, na rimu inayometa mbele ya ziwa ni kazi ya mikono yetu, tunajivunia. Tunachopinga ni ule mng'ao unaonunuliwa kwa ngozi yetu. Anayetaka kupendeza agharimie, na agharimie mapema. Makala haya yasomwe kwa sauti katika vinamba, katika gereji na kwenye vituo vya magari, na kila kundi lichague mtu wa kuyapeleka madai haya kwa mwajiri wake. Mkono mmoja hauoshi mgongo.

Umoja ni nguvu.